TAIRI LA PIKAPU: NAMBA GANI INAFAA?
Somo kwa madereva, mafundi wa pancha na vikundi vyenye gari

Hapa Mella pikapu si gari la mtu mmoja. Asubuhi hupeleka mahindi na nyanya sokoni, mchana hubeba matofali, na usiku, mama akishikwa na uchungu, pikapu hiyohiyo ndiyo humkimbiza hospitali Tororo. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, maelfu ya watu walivuka Busia na Malaba wakaingia Uganda. Walipokelewa katika kituo cha muda cha Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha wengi wakapelekwa Kiryandongo. Safari ile yote, pamoja na unga, mablanketi na maji, ilipita juu ya matairi.

Tairi likichakaa, mwenye gari huenda dukani akiwa na haraka na fedha kidogo. Muuzaji humwambia, "Hili ni lilelile, mzee, tofauti ni jina tu." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine si kweli, na watakaolipa ni watu waliokaa nyuma juu ya magunia.

Katika somo hili utajifunza mambo manne:
1. Jinsi ya kujua namba ya tairi ambayo gari lako linataka.
2. Jinsi ya kusoma maandishi ya ubavuni mwa tairi.
3. Jinsi ya kupiga hesabu ya kimo na uzito kabla ya kutoa fedha.
4. Mambo ya kukagua siku ya kununua na siku ya kufunga.

Chukua kalamu na karatasi. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kujumlisha tu.

ANZA KWENYE GARI

Kosa la kwanza ni kunakili namba ya tairi lililochakaa. Huenda mwenye gari wa kwanza alifunga tairi lisilofaa, wa pili akanakili kosa lake, na sasa wewe ni wa tatu.

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ambayo mlango hufungia. Magari mengi yana kibandiko pale chenye namba ya tairi na kiasi cha upepo. Kama hakipo, tafuta ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, au katika kitabu cha gari. Magari mengi yetu yalitoka Japani yakiwa yametumika, hivyo maneno ya kibandiko huwa ya Kijapani. Usiogope. Namba zimeandikwa kama tunavyoandika sisi.

Nakili namba yote, pamoja na herufi zake. Usiandike "16" peke yake. Usiandike "205" peke yake.

Katika barabara zetu, mara nyingi utaona namba hizi:
- 205R16C, kwa pikapu nyingi za kusukumwa na magurudumu manne.
- 195R14C au 185R14C, kwa pikapu ndogo za kusukumwa na magurudumu ya nyuma.
- 7.50R16, kwa Land Cruiser za kazi, hasa zile za mashirika.

Orodha hii ni ya kukusaidia kutambua tu. Gari lako ndilo lenye jibu.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Tuchukue tairi lililoandikwa 235/70R16 106H. Tulisome kipande kwa kipande.

235 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili.

70 ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana. Maana yake ubavu ni sehemu 70 kwa 100 za upana ule. Namba hii ikiwa ndogo, ubavu ni mfupi.

R maana yake ni tairi la radiali, yaani nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ililisajili tairi la namna hii mwaka 1946, na leo ndilo la kawaida. Mahali pa R pakiwa na mstari mdogo, kama 7.50-16, hilo ni tairi la namna ya zamani ambalo nyuzi zake hupishana kwa mshazari. Usichanganye namna hizi mbili kwenye ekseli moja. Moja hubonyea kuliko jingine, na gari huvuta upande.

16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ya 16 ni karibu mm 406.

106 ni namba ya uzito. Si kilo 106. Ni namba ya orodha, na kila namba ina kilo zake. Tutaiona hapa chini.

H ni herufi ya mwendo. Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, H ni 210. Kwa barabara za changarawe herufi hii haitusumbui sana, lakini usishuke chini ya ile ya kibandiko.

Je, tairi lisilo na mkwaju, kama 205R16C? Hapo namba ya ubavu haikuandikwa, lakini haimaanishi kwamba haipo. Kwa matairi haya ya kazi, ubavu huwa karibu 80 kwa 100 ya upana. Kumbuka jambo hili vizuri, kwa maana ndipo watu wengi hudanganyika.

Herufi C mwishoni inaonyesha tairi la gari la mizigo, lenye mwili mgumu zaidi. Pengine utaona pia 6PR au 8PR. Zamani namba hiyo ilihesabu tabaka za nguo ndani ya tairi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, na 8PR ina nguvu kuliko 6PR.

Tairi la 7.50R16 limeandikwa kwa mtindo wa zamani. 7.50 ni upana kwa inchi, na 16 ni rimu. Kimo chake chote ni karibu mm 800.

HESABU YA KIMO

Kimo ni urefu wa tairi zima, kutoka ardhini hadi juu. Kanuni ni hii:

Upana x ubavu ÷ 100 = urefu wa ubavu mmoja.
Urefu huo x 2 (ubavu wa juu na wa chini) + rimu kwa milimita = kimo.

Tufanye kwa 205R16C, tukitumia ubavu wa 80:
205 x 80 ÷ 100 = 164
164 x 2 = 328
328 + 406 = mm 734

Mafundi wengi hushika kipimo hiki: kimo cha tairi jipya kisipishane na kile cha asili kwa zaidi ya 3 kwa 100. Kwa 734, hiyo ni mm 22. Basi tairi jipya liwe kati ya 712 na 756.

Kwa nini kimo kina maana? Saa ya mwendo huhesabu mizunguko ya gurudumu, haihesabu barabara. Tairi refu hutembea mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo saa itasema 80 nawe unakwenda zaidi ya 80. Injini huvuta kwa taabu zaidi kupanda mlima, na breki hupata kazi kubwa zaidi kulisimamisha gurudumu. Tairi fupi nalo huinamisha gari, na jiwe ambalo lilikuwa likipita chini ya difu sasa litaligonga.

Kama namba zimefutika, tumia chaki. Chora alama kwenye tairi mahali linapogusa ardhi, na nyingine ardhini papo hapo. Sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha pima umbali kwa utepe wa fundi cherehani. Tairi la kimo cha mm 734 litatembea karibu mita 2 na sentimita 30. Kipimo kitapungua kidogo kwa sababu tairi hubonyea chini ya uzito. Kwa hiyo linganisha magurudumu yenye upepo sawa na mzigo sawa.

NAMBA YA UZITO

Hizi ni baadhi ya namba za uzito na kilo ambazo tairi moja linaweza kubeba likiwa na upepo wake kamili:

92 – kilo 630
98 – kilo 750
102 – kilo 850
104 – kilo 900
106 – kilo 950
108 – kilo 1,000
110 – kilo 1,060
112 – kilo 1,120
116 – kilo 1,250

Matairi ya kazi huandikwa namba mbili, kama 110/108. Ya kwanza ni kwa gurudumu moja kila upande. Ya pili ni kwa matairi mawili yaliyobanana upande mmoja, kama kwenye lori. Kwa pikapu ya kawaida soma ya kwanza.

Sheria ni fupi: namba ya uzito ya tairi jipya isiwe chini ya ile iliyotakiwa na gari. Ikiwa sawa, vema. Ikizidi, haina ubaya. Lakini elewa kwamba tairi lenye nguvu zaidi haliongezi ruhusa ya gari. Springi, ekseli na breki zako ni zilezile za jana.

MFANO: MATAIRI MATATU DUKANI

Tuseme kikundi chenu kina pikapu ya magurudumu manne. Kibandiko kinasema 205R16C, na namba ya uzito ni 110. Mweka hazina na dereva wamekwenda mjini. Tairi lao halipo siku hiyo, lakini muuzaji ana matatu mengine, yote ya rimu 16.

Tairi la kwanza: 205/60R16 92.
Muuzaji anasema, "Mama, tazama mwenyewe. Mia mbili na tano ipo, kumi na sita ipo." Ni kweli, zote mbili zipo. Lakini ubavu ni 60, si 80.
205 x 60 ÷ 100 = 123
123 x 2 = 246
246 + 406 = mm 652
Limepungua mm 82. Gari litashuka sentimita 4, na saa ikisema 80 mwendo wa kweli utakuwa 71. Hilo ni tairi la gari dogo.

Sasa tutazame uzito. Tuseme ekseli ya nyuma ikiwa tupu inabeba kilo 700. Pakia magunia 8 ya mahindi ya kilo 90: ni kilo 720. Ongeza watu 4 wa kilo 60: ni kilo 240. Karibu uzito wote huo huangukia nyuma.
700 + 720 + 240 = kilo 1,660
Matairi mawili ya namba 92 yana uwezo wa 630 x 2 = kilo 1,260. Yamezidiwa kwa kilo 400. Hayatapasuka pale sokoni. Yatapata joto polepole, na yatapasuka njiani, gari likiwa kwenye mwendo na watu wakiwa juu.

Tairi la pili: 265/70R16 112.
265 x 70 ÷ 100 = 185.5
185.5 x 2 = 371
371 + 406 = mm 777
Uzito unatosha, kwa kuwa 112 ni zaidi ya 110. Lakini kimo kimezidi kwa mm 43, karibu 6 kwa 100. Saa ikisema 80, mwendo wa kweli ni karibu 85. Tena tairi hili ni pana. Linataka rimu ya upana wa inchi 7 au zaidi, na rimu za pikapu za 205 kwa kawaida ni nyembamba kuliko hizo. Ukikata kona kali, tairi linaweza kukwaruza bodi au kugusa vyuma vya usukani.

Tairi la tatu: 235/70R16 106.
235 x 70 ÷ 100 = 164.5
164.5 x 2 = 329
329 + 406 = mm 735
Kimo ni safi kabisa, tofauti ni milimita moja! Lakini namba ya uzito ni 106, kilo 950. Gari linataka 110, kilo 1,060. Kwa mzigo wetu wa kilo 1,660 yangetosha, kwa kuwa 950 x 2 ni 1,900. Lakini gari la kikundi halibebi mzigo mmoja kila siku. Siku ya mavuno mtu ataongeza gunia, na jirani ataomba kupanda. Nafasi ile ya kilo 220 iliyopungua kwenye ekseli ndiyo iliyokuwa kinga yenu.

Basi wachukue lipi? Hakuna hata moja. Warudi na fedha zao, au waombe waletewe 205R16C yenye namba 110. Kusubiri siku tatu kunaudhi. Kurudi mikono mitupu mbele ya wanachama kunaona haya. Lakini mweka hazina anayeweza kuwaonyesha wenzake hesabu hizi kwenye karatasi hana la kuona haya.

RIMU NA TAIRI NI MUME NA MKE

Rimu ya 15 huvaa tairi la 15. Rimu ya 16 huvaa tairi la 16. Hakuna nyundo wala mafuta ya kubadilisha jambo hili. Mtu akilazimisha tairi kukaa kwenye rimu isiyo yake, ukingo wake wenye waya unaweza kukatika wakati wa kujaza upepo, na tairi likalipuka mikononi mwake.

Baadhi ya magari ya zamani yenye 7.50R16 yana rimu za vipande, zenye ringi ya chuma inayoshikilia tairi. Mafundi wa pancha, haya ni yenu:
- Toa upepo wote kabla ya kufungua ringi. Ng'oa na ule moyo wa valvu.
- Usitumie ringi iliyopinda, yenye ufa au iliyoliwa na kutu.
- Jaza upepo tairi likiwa ndani ya kizimba cha chuma, au ringi ikiwa imefungwa kwa minyororo imara.
- Usisimame mbele ya ringi, wala usiiname juu yake. Ikiruka, huruka kama risasi.
- Usichomelee rimu ambayo bado ina tairi, hata kama tairi halina upepo.
- Watoto wasicheze karibu na mahali pa kujaza upepo.

Tairi la tyubu lipewe tyubu ya namba yake. Tyubu kubwa hujikunja ndani na kukatika. Tyubu ndogo hunyooka ikawa nyembamba na kupasuka.

MAGURUDUMU MANNE, KIMO KIMOJA

Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya namba moja, namna moja na uchakavu unaokaribiana. La sivyo difu itafanya kazi kila wakati hata barabara ikiwa imenyooka, na ukishika breki gari litavuta upande.

Kwa pikapu ya magurudumu manne kuna jambo zaidi. Ukiingiza giya ya magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka sawasawa. Kama matairi ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, vyuma vya katikati hujisokota. Kwenye matope tairi huteleza na kupunguza nguvu hiyo. Kwenye barabara kavu haiwezi kuponyoka, na mwisho giaboksi huvunjika. Bei ya giaboksi ni ya matairi mengi.

Kwa hiyo yote manne yawe na kimo kimoja, na spea pia. Ukilazimika kutumia spea ya namba nyingine ili ufike tu, toa giya ya magurudumu manne, punguza mzigo na uende polepole hadi kwa fundi wa kwanza.

TAIRI LINA UMRI

Tafuta maandishi DOT ubavuni. Yanafuatwa na herufi na namba, na mwishoni kuna tarakimu nne. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Liache, hata kama linang'aa.

Mpira huzeeka hata usipotumika, hasa ukianikwa juani mbele ya duka. Watengenezaji wengi hushauri tairi litolewe likitimiza miaka 10 hata kama meno yake bado ni marefu, na likaguliwe kwa makini baada ya miaka 5 au 6. Spea iliyoning'inia chini ya gari nayo inahesabiwa umri.

Wengi wetu tulizoea matairi ya Yana yaliyotengenezwa Nairobi. Kiwanda kile kilisimamisha kazi mwaka 2016. Kwa hiyo ukiambiwa tairi ni jipya na lilitoka kiwanda cha Nairobi, soma tarehe kwanza.

Kama unanunua tairi la mitumba, kagua hivi:
- Pitisha mkono ndani na nje. Uvimbe ubavuni ni dalili ya nyuzi zilizokatika.
- Tazama nyufa ndogondogo kwenye ubavu na katikati ya meno.
- Tazama kama waya umetokeza.
- Katikati ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Tafuta herufi TWI ubavuni, zitakuonyesha vilipo. Meno yakifikia kimo cha vinundu, yamebaki mm 1.6, na tairi limekwisha.
- Angalia kama meno yamechongwa upya kwa kisu cha moto. Mifereji ya kisu huwa na ncha kali na sakafu isiyo sawa. Kwa tairi la pikapu kisu hula mpira unaofunika waya. Tairi kipara linaonekana kwa macho, lakini tairi lililochongwa linajificha.

UPEPO NDIO UNAOBEBA MZIGO

Tairi bila upepo wa kutosha halibebi kilo zilizoandikwa, hata lingekuwa jipya. Ubavu hujikunja na kunyooka kila mzunguko, hupata joto, na joto ndilo adui.

Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5 huko Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Mkanda wa juu wa tairi ulikuwa ukiachana na mwili wake katika mwendo, na gari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Katika mabishano yaliyofuata, jambo moja kubwa lilikuwa upepo: Ford ilikuwa imependekeza paundi 26, Firestone ikasema paundi 30. Hao walikuwa na barabara za lami. Sisi wenye moramu na mawe tuna sababu zaidi ya kupima.

Kibandiko cha Kijapani huandika upepo kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate paundi. Kwa mfano 240 ÷ 6.9 ni karibu paundi 35. Mara nyingi kibandiko huwa na namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Tumia ile inayolingana na safari yako.

Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lililotoka safarini huonyesha upepo mwingi kuliko kweli. Usipunguze upepo tairi likiwa moto, na usipime kwa kupiga teke.

SIKU YA KUFUNGA

1. Weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uweke mawe kwenye magurudumu yaliyobaki. Mtu yeyote asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.
2. Futa matope na kutu mahali rimu inapokutana na gari.
3. Kaza nati kwa kupishana, moja huku na nyingine ng'ambo yake, si kwa kuzunguka.
4. Shusha gari, ukamilishe kukaza.
5. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Sikiliza kama tairi linagusa. Rudia gari likiwa na mzigo.
6. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati tena. Tairi jipya liendeshwe kwa utaratibu siku za mwanzo.

Kama unanunua ng'ambo ya mpaka, uliza kwanza ofisi ya forodha masharti na ushuru, na utunze risiti. Risiti yenye namba kamili ya tairi itakusaidia pia ukiuziwa lisilo sawa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gari linataka 195R14C namba 106. Umepewa 185R14C namba 102. Je, ufunge?
2. DOT inaishia 1409. Tairi lilitengenezwa lini?
3. Rafiki amefunga tairi la namba 116 mahali pa 110. Anasema sasa anaweza kuongeza magunia mawili. Utamwambia nini?
4. Tairi moja la mbele ni refu kuliko matatu mengine. Dereva anataka kuingiza giya ya magurudumu manne kwenye lami. Kuna ubaya gani?

MAJIBU

1. Rimu ya 14 ni mm 356. Tairi la asili: 195 x 80 ÷ 100 = 156; 156 x 2 + 356 = mm 668. Tairi jipya: 185 x 80 ÷ 100 = 148; 148 x 2 + 356 = mm 652. Tofauti ni mm 16, chini ya 3 kwa 100, kwa hiyo kimo kinakubalika. Lakini uzito umeshuka kutoka kilo 950 hadi 850. Usifunge.
2. Wiki ya 14 ya mwaka 2009. Limepita umri.
3. Mwambie tairi limeongezeka nguvu, gari halikuongezeka. Ekseli, springi na breki ni zilezile.
4. Vyuma vya katikati vitajisokota, na kwenye lami kavu hakuna pa kuteleza. Giaboksi na difu vitaumia.

Ndugu msomaji, nakili namba ya kibandiko cha gari lako leo, uibandike karibu na usukani mahali dereva yeyote ataiona. Andika namba ya tairi, namba ya uzito na upepo wa mbele na nyuma. Ukurasa huu ubandikwe kwenye kibanda cha fundi wa pancha, na asiyejua kusoma asomewe. Abiria naye ana haki ya kulitazama tairi kabla ya kupanda, na dereva mwema hatakasirika akiulizwa.

Safari njema.